Wauzaji wanaohamia ufundi waandike wasifu upya

LUSHOTO: Bei ya kabichi na karoti inapoporomoka Lukozi, anayeumia kwanza ni mkulima. Wa pili ni kijana aliye nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo. Mkulima asiye na fedha hanunui mbolea wala bomba la kupulizia dawa, na muuzaji anayelipwa kwa kamisheni hubaki akipangusa vumbi kwenye chupa. Hapo ndipo muuzaji huanza kuifikiria kazi ya ufundi, iwe ya pampu za umwagiliaji, umeme jua, majokofu au mitambo ya viwanda vya chai.

Kikwazo cha kwanza ni wasifu. Ule wa muuzaji huanza na orodha ya maduka na miaka aliyofanya kazi. Meneja wa karakana akikuta "muuza duka, Soni" juu kabisa ya ukurasa, huenda asifike chini.

Kinachotakiwa ni kugeuza mpangilio. Ujuzi wa ufundi na vyeti vitangulie, kazi za mauzo zifuate. Hata hivyo mauzo yasifichwe, kwani miaka mitano isiyo na maelezo humtia mwajiri shaka.

Aidha, katika kila kazi ya mauzo mwombaji atafute sehemu ya ufundi. Aliyeuza mabomba ya kupulizia huwa amebadilisha washa na kuzibua pua zake mara nyingi. Aliyeuza pampu amepiga hesabu ya mwinuko kutoka mtoni hadi shambani, jambo lisilokwepeka katika milima hii. Aliyesafirisha mboga kwenda Kariakoo anajua mizani, sheria inayokataza lumbesa, na saa ambazo hoho hustahimili joto la lori baada ya kushuka Mombo. Hayo yaandikwe kwa vitendo na idadi: ametengeneza nini, mara ngapi, kwa vifaa gani. Maneno kama "mchapakazi" na "mwaminifu" hayapimiki.

Jambo la kuangalia sana ni kujiita fundi bila cheti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu hupimwa kwa vitendo, mapungufu yake huzibwa kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Kwa muuzaji aliyejifunza kazi dukani, njia hiyo humpunguzia muda wa kukaa darasani. Anayesubiri kupimwa aandike hivyo hivyo, kuwa anasubiri.

Wanaolenga serikalini wazingatie masharti ya Sekretarieti ya Ajira. Matangazo yake hutaka wasifu wenye anuani, namba za simu na wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na vyeti vyenyewe. Hati za matokeo pekee hazikubaliwi.

Kuhusu wadhamini, mwenye duka atathibitisha uaminifu katika fedha. Atakayethibitisha ujuzi ni fundi aliyemwona mwombaji akifungua mashine, au mkulima ambaye pampu yake bado inavuta maji. Mmoja wao awemo, na aombwe ridhaa kabla ya namba yake kuandikwa.

Mwisho, wasifu usizidi kurasa mbili, na kila kazi inayoombwa iandikiwe wake.