Usiung'oe sikio la simba

Wakati wa palizi huwa ndio wa kwanza kung'olewa: mmea mrefu wenye shina la pembe nne, na juu ya shina vifundo vya duara vilivyopandana kama vidato vya ngazi, kila kifundo kimezungukwa na maua ya rangi ya chungwa. Jina lake la kitaalamu ni Leonotis nepetifolia, na Leonotis kwa Kigiriki ni sikio la simba. Ni mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, wa ukoo mmoja na mrihani.

Nauombea nafasi shambani kwa ajili ya ndege aitwaye chozi. Ua la mmea huu ni mrija uliopinda, mbochi imejificha chini kabisa, na mdomo wa chozi nao umepinda. Hahitaji kuelea hewani. Hutua kwenye shina gumu, akachovya mdomo, chavua ikampaka kichwani, akaipeleka ua jingine. Nyuki na vipepeo nao huja.

Lakini mche mmoja hautoshi. Mwaka 1975, Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu chozi wa mbawa za dhahabu wanaolinda maua haya nchini Kenya. Maeneo yaliyolindwa yalipishana mno kwa ukubwa, ila idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, kama 1,600, yaani riziki ya ndege mmoja kwa siku. Kumbe ndege yule halindi ardhi, analinda maua! Kwa hiyo panda kwa kundi. Hata miche 20 kando ya ua wa nyumba ni kituo kizuri njiani mwake.

Ili upate mbegu, chuma vifundo vilivyokauka, mikono ukiikinga, maana miiba yake inachoma vibaya. Mvua zikikaribia, mwaga mbegu kwenye udongo uliolainishwa, mahali penye jua tele, uzifukie kidogo tu. Mbolea si lazima. Mmea huu huishi msimu mmoja kisha hujipanda wenyewe kwa wingi, hivyo punguza miche, na usiuache uote wanapocheza watoto. Aliye ughaibuni asiubebe: Florida na Australia umeshakuwa gugu sumbufu.

Na dawa ya wadudu usipulize hapo. Makinda wa chozi hulishwa wadudu na buibui, na kiota chenyewe mama hukifunga kwa utando wa buibui.