Yatima wa Homa Bay na Wenzao wa Kwale

Huko upande wa ziwa, kuanzia Isebania mpakani na Tanzania hadi Mbita inakotazamana na kisiwa cha Rusinga, habari za skuli ya msingi husafiri kwa miguu ya mtoto. Mwalimu mkuu huandika karatasi: mkutano wa wazazi siku fulani, sare zimechakaa, mtoto hajaja siku nne. Karatasi hutiwa mfukoni, ikavuka mashamba ya miwa ya Awendo au mchanga wanakoanikiwa dagaa, ambao wenyewe huwaita omena, mpaka ikafika nyumbani. Nyumbani mpokeaji mara nyingi ni bibi, ambaye hakusoma. Basi humwita mjukuu amsomee. Mshitakiwa ndiye huyo huyo mkalimani wa mashitaka! Mwalimu mmoja wa Homa Bay alinambia akicheka kwamba kuna barua za mistari kumi ambazo kwa bibi hufika mistari miwili.

Nimecheka naye, lakini jambo lenyewe si la kucheka. Kwa nini bibi? Wazazi wako wapi?

Homa Bay na Migori zilikuwa wilaya moja zamani, Nyanza Kusini, na tangu 2013 ni kaunti mbili. Maradhi ya ukimwi yalipiga huko kuliko karibu kila mahali katika Kenya. Ilikuwa katika hospitali ya Homa Bay, mwaka 2001, ndipo madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walipoanza kuwapa wagonjwa dawa za kupunguza makali bila malipo. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa muda, watu wa makamo walizikwa na wazee wakabaki na wajukuu. Kwa Kijaluo yatima ni kich, na neno hilo hilo, kwa sauti nyingine, ni nyuki. Mimi mtu wa mashairi sikuweza kulipita hivi hivi. Nilimuuliza bibi mmoja wa Rachuonyo kama kuna maana iliyofichika, akaniambia, wuoda, yaani mwanangu, nyuki huwa na mzinga.

Januari 2003 serikali ilipofuta karo ya skuli za msingi, kila mtoto aliwekewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Fedha hizo zilikuwa za vitabu na chaki na ukarabati. Sare hazimo, viatu havimo, uji wa asubuhi haumo. Mtoto aliyefungulia mlango wa skuli na Nairobi hufungiwa tena na shati. Na kazi za kumvuta haziko mbali: miwa iko Awendo, tumbako iko Migori, machimbo ya dhahabu yako Macalder, na ufuoni samaki hawakosi mtu wa kuwaanika.

Hapa ndipo kisa chenyewe kinapotugusa sisi watu wa Pwani. Mwaka 2004 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza kuwapa fedha watu maskini wanaolea yatima. Familia 500 za mwanzo hazikuwa za ziwani. Zilikuwa za Garissa, Nairobi, na Kwale. Naam, Kwale yetu. Mradi ulipopanuliwa mwaka 2007 ndipo Homa Bay, Migori, Suba na Kisumu zilipotiwa katika wilaya saba zilizochunguzwa ili ijulikane kama fedha hizo zinafaa kitu. Mlezi alipata shilingi 1,500 kwa mwezi, akizichukua posta 3,000 kila baada ya miezi miwili.

Namna ya kuwachagua ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kamati ya lokesheni ilipita nyumba kwa nyumba na fomu, ikahesabu yatima, ikatazama paa na sakafu, kisha majina yakapelekwa barazani yajadiliwe mbele ya watu. Kwetu sisi jambo hili ni zito. Tumelelewa katika kusitiriana. Umaskini wa jirani huujua na hautajwi. Nilipomwambia hivyo bibi yule wa Rachuonyo alinitazama kama mtu aliyeshuka mwezini. Orodha ya siri, alisema, ni orodha ya shemeji wa chifu. Yeye alitaka jina lake lisomwe kwa sauti, na la asiyestahili lisomwe kwa sauti vilevile, ili watu waguneze. Nimelifikiri jambo hilo tangu siku ile na naona haki iko upande wake, ingawa moyo wangu wa Kipwani bado haujaridhika.

Kuna jambo jingine ambalo halikumfurahisha mtu. Katika kila wilaya ile, lokesheni nne zilitiwa katika kura: mbili zikapata, mbili zikaambiwa zingoje, ili wataalamu walinganishe. Kwa hesabu ni sawa kabisa. Lakini mweleze hayo bibi aliyeko ng'ambo ya mto, ambaye yatima wake watano ni sawa na wa mwenziwe wa upande wa pili!

Kulinganisha kwenyewe kulikamilika 2009. Idadi ya watoto wa skuli za msingi haikupanda kwa kiasi cha kuonekana, maana karibu wote walikwisha ingia tangu 2003. Kilichopanda ni cha sekondari: yatima waliomaliza darasa la nane hawakukomea hapo kama zamani. Vyakula vya nyumbani vilikuwa bora zaidi. Na watoto wenye vyeti vya kuzaliwa waliongezeka. Wengine walidhani, nami nimesikia maneno hayo Mombasa na Migori, kwamba maskini akipewa fedha taslimu atazila na kulala. Wale wabibi walipeleka fedha kwenye unga, dawa na karo ya sekondari.

Ila zenyewe zilikuwa chache na zikazidi kuwa chache. Bei za vyakula zilipanda, na 1,500 za mwaka 2009 hazikununua zilichonunua 2007. Baadaye zikatiwa 2,000, nazo zikawa na tabia ya kuchelewa.

Nakuja kwetu, msomaji. Tulipokuwa chuoni tulihifadhi Suratul Maun tukiwa hatujang'oa meno ya utoto, na yatima yumo humo mwanzoni kabisa. Tunawapenda yatima wetu. Huwaita kwenye karamu ya Maulidi, huwavisha kanzu mpya Idi, hupiga nao picha. Halafu Mfunguo Nne? Mfunguo Tano? Mama wa Kendu Bay, mji wa ziwani wenye Waislamu na msikiti tangu zamani, aliniambia kwamba sadaka ya Ramadhani humfikia, lakini kinachomweka mjukuu wake skuli ni kile kidogo ambacho yeye anajua kitakuja tena. Mwenye duka humkopesha unga kwa kuwa kitakuja. Fundi cherehani humshonea sare kwa kuwa kitakuja. Karamu haikopesheki. Misikiti yetu ina wakfu wa majumba na mashamba ya minazi. Sijui ni kamati ngapi zimepata kukaa zikahesabu yatima wa mtaa nyumba kwa nyumba, na paa zao na sakafu zao, kama walivyofanya watu wa lokesheni kule.

Na cheti cha kuzaliwa tusikipuuze. Tangu 2017, skuli zilipoanza kuwaandikisha wanafunzi kwa kompyuta, mtoto asiye nacho ni taabu kwa mwalimu na taabu kwa mtihani. Walezi wa Kwale na Kilifi walio na yatima asiyeandikishwa waitafute kadi yake ya kliniki, wamwendee chifu au naibu wake wapate barua, kisha wende kwa msajili wa vizazi, wala wasingoje mwaka wa mtihani.