Mwalimu, neno la siri ni lako: Namna ya kwenda na mifumo bila kumtegemea mtu wa steshenari

Zamani mwalimu wa Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, akiwa na jambo la kiutumishi alibeba bahasha. Uhamisho ulikuwa karatasi, mkopo karatasi, likizo karatasi. Na karatasi ilisafiri: kabla ya kujengwa Daraja la Magufuli, waliotoka upande wa Ulanga kwenda Ifakara walisubiri pantoni.

Leo mambo hayo yako kwenye simu. Safari imepungua, lakini kuna shida nyingine. Asiyeweza kuingia kwenye mfumo humwomba mtu amwingizie: mwalimu kijana wa ajira mpya, mtoto wa nyumbani, au kijana wa steshenari mjini. Anampa cheki namba, anampa na neno la siri. Dakika kumi, kazi imeisha.

Tatizo ni kwamba amempa zaidi ya kazi aliyomwomba.

Nyuma ya neno la siri kuna nini?

Mtumishi wa umma Tanzania anatumia mfumo wa ESS Utumishi. Humo ndimo anamoomba uhamisho na likizo, na ndimo yanamopitia maombi ya mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Mwenye neno lako la siri akiingia humo, mfumo unamwona kuwa ndiye wewe.

Humo pia kuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Mwalimu anaweka majukumu yake, anaripoti alichofanya, kisha msimamizi wake anathibitisha. Ukijaziwa na mtu anayenakili majukumu ya mwalimu mwingine, unapimwa kwa kazi ambayo hata hukuisoma.

Kwa walimu wakuu na walimu wa taaluma mzigo ni mkubwa zaidi. Kuna PReM ya Baraza la Mitihani kwa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, FFARS kwa hesabu za shule, na NeST kwa manunuzi. Kila mmoja una mlango wake na neno lake la siri.

Kishikwambi kipo, mazoezi je?

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viende kwa walimu, na ugawaji ukaanza mwishoni mwa mwaka huo. Kwa baadhi ya walimu hakikuwa kitu kigeni, maana walikuwa makarani wa sensa wenyewe. Walijifunza kukitumia kwa muda mfupi, kwa sababu walikuwa na kazi moja mahususi ya kufanya nacho.

Hilo ndilo funzo. Mtu hajifunzi "kompyuta" yote kwa mkupuo. Anajifunza kazi moja, anairudia mpaka mkono uzoee, ndipo anahamia nyingine.

Uanzie wapi?

Huhitaji kusubiri semina ya mjini. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu MEWAKA, yanawataka walimu wakutane shuleni kwao na kufundishana. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inasimamia, na ina mfumo wa mtandaoni wenye moduli za kujisomea. Kipindi kimoja cha MEWAKA kikitumika kwa kazi moja ya kwenye mfumo, kitawasaidia wengi.

Kanuni za kufundishana ni rahisi:

- Anayesaidia aseme, anayejifunza abonyeze. Ukichukua kishikwambi mkononi mwa mwenzako, umefanya kazi yake lakini hujamfundisha.
- Andika hatua kwenye daftari, usiandike neno la siri. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa maneno yako.
- Usisubiri siku ya mwisho. Mtandao ukisumbua na tarehe imefika, ndipo watu wanapogawa maneno ya siri.
- Ulishampa mtu? Libadilishe leo. Ukikwama, muone Afisa Utumishi au Afisa TEHAMA wa halmashauri.

Kishikwambi kimoja, wanafunzi sitini

Darasani kinaweza kufanya mengi hata bila projekta. Pakua picha au video ukiwa mahali penye mtandao mzuri, chaji ikiwa imejaa. Wapange wanafunzi kwa vikundi: kimoja kinatazama kishikwambi, vingine vinafanya kazi ya ubaoni, kisha wanabadilishana. Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya TET, na hili linasaidia sana tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024.

Akili mnemba nayo imefika. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mtu anaweza kuiomba imtungie maswali au rasimu ya andalio la somo. Itumie kama msaidizi, lakini usiifanye mwalimu. Hukosea huku ikijiamini, kwa hiyo kila jibu lilinganishe na muhtasari na kitabu cha kiada. Usiingize majina na alama za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda hata mtoto wa darasa la kwanza.

Nje ya shule

Mshahara ukiingia, na matapeli wanaingia. Ukipata ujumbe wa "tuma kwenye namba hii", usijibu. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ukaifute.

Kuhusu programu za mikopo ya haraka, chunguza kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako inaweza kuja kuwapigia hao hao siku ukichelewa kulipa, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wako.

Kuomba msaada si aibu. Hata aliyezaliwa na simu mkononi kuna mfumo unaomshinda. Mwambie akuonyeshe njia, ila mlango ufungue mwenyewe.