Jua na Moshi wa Nyika

Katika mkoa wa Singida mvua hukoma yapata mwezi wa Aprili au Mei, na tangu hapo majani hukauka mpaka yakawa kama karatasi. Ndipo moto huwaka katika mapori ya Manyoni na Itigi, na moshi wake huonekana toka mbali. Baada ya siku chache moshi ule hauonekani tena. Je, umekwenda wapi?

Masizi mazito huanguka karibu. Lakini katika moshi mna vitu visivyoonekana kwa macho. Kila jani lina naitrojeni, nayo ni chakula kikuu cha mimea. Hewa yenyewe ina naitrojeni sehemu 78 katika kila 100, walakini hiyo mimea haiwezi kuila hivi hivi. Jani likiungua, chumvi nyingi hubaki katika majivu, bali sehemu kubwa ya naitrojeni hupaa. Nyingine hushikana na oksijeni. Na ikiwa hivyo tu, haikai hewani ila muda wa saa au siku moja. Lakini ikijifunga pamoja na vipande vya kaboni vilivyotoka katika majani yale yale, huwa nitrati zenye kaboni, mfano wa mizigo iliyofungwa vema. Mizigo hii huchukuliwa na upepo siku nyingi, na katika baridi ya juu sana hata majuma. Wakati wa kiangazi pepo hutoka mashariki; basi kilichoungua Manyoni chaweza kupita juu ya Tabora na kuvuka Ziwa Tanganyika.

Anayefungua mizigo hiyo ni jua. Joto husaidia, lakini mwanga nao una kazi yake. Kanga ianikwayo juani kila siku hupauka, na ile iliyokunjwa sandukuni haipauki, hata chumba kikiwa na joto, kwa kuwa mwanga ndio uvunjao rangi. Miali yenye nguvu zaidi ni ya upande wa urujuani, na ile iliyo ng'ambo yake, isiyoonekana kwa jicho. Mwali huo ukiipiga nitrati, huikata, ikatoka hewa ya rangi ya kahawia. Hiyo nayo jua la mchana huivunja kwa dakika chache. Oksijeni iliyobanduka huungana na oksijeni ya kawaida ikawa ozoni, iwashayo kifua na kudhuru majani ya mazao. Usiku kazi hiyo hulala.

Mwisho naitrojeni hugeuka asidi, ikayeyuka katika mvua, ikashuka udongoni kuwa chakula cha mimea tena. Lakini si lazima ishuke ilikotoka. Mwenye kuchoma majani ya shamba lake Manyoni huenda amelisha msitu wa Kongo.