Tangi la Gari Likioza kwa Kutu: Usilipeleke Motoni

Katika matoleo yaliyopita tulizungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo za watoto. Safari hii tunazungumza juu ya tangi la mafuta la gari kuukuu. Najua wengine mtasema, "Huyu VHT ameacha dawa, sasa amekuwa fundi?" Subirini kidogo.

Hapa Nakivale mgonjwa akizidiwa usiku, mara nyingi kinachopatikana kwanza ni pikipiki au gari la jirani. Katika kijiji chetu gari hilo ni Toyota Hilux ya zamani ya mzee mmoja. Mchana inabeba mahindi na matoke, usiku inabeba wagonjwa. Siku moja nilimsindikiza humo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulipofunga milango nikasikia harufu kali ya petroli (sisi wa Kongo tunaiita esansi). Nikafikiri imemwagika nje. Kumbe nyuma ya kiti chetu palikuwa na jerikani ya lita 20, ina mpira uliopita kwenye tundu la sakafu mpaka kwenye injini. Tangi lilikuwa limetoboka, na hiyo jerikani ndiyo iliyokuwa tangi. Yule mama alitapika njia nzima. Tulifika salama, mtoto akazaliwa salama, lakini mimi sikulala usiku ule.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee kuzungumza naye. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, siku ya soko nitalipeleka kwa kijana wa kuchomelea, atalipiga moto, litapona." Hapo ndipo kaka yangu mkubwa, aliyejifunza kazi katika gereji moja ya Uvira kabla hatujakimbia, alishtuka kuliko mimi. Ya ufundi mtakayosoma hapa yametoka kwake. Ya afya yametoka kwenye mafunzo yetu.

Kwa nini tangi huoza?

Tangi la gari la zamani ni bati la chuma lenye unene wa milimita 1 hivi, au pungufu. Likikaa nusu tupu, hewa hujaza nafasi iliyobaki. Mchana hewa hiyo hupata joto, usiku hupoa, na unyevu wake hugeuka matone ndani ya tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka na kukaa chini kabisa, kwenye kona na kwenye maungio. Hapo chuma huliwa polepole. Kwa nje nako matope hushika kwenye mikanda inayobeba tangi, nayo hutunza unyevu. Kwa hiyo ukiona tone moja chini ya gari, kutu ilianza kazi yake siku nyingi.

Kutu haitoboi tu. Magamba yake huingia kwenye mpira, kwenye filta na kwenye kabureta, na gari huzimika njiani. Kama ndani kuna mgonjwa, mnajua wenyewe maana yake.

Jerikani haiwezi kuwa tangi

Wenye magari wengi huweka jerikani kwa sababu ni rahisi na kila mtu anayo. Lakini kizibo chake kimetobolewa ili mpira upite, kwa hiyo mvuke hutoka muda wote ndani ya gari walimokaa watu. Mvuke huo huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kutapika, na mtoto mdogo au mama mjamzito huudhika zaidi. Ndani ya petroli kuna kitu kiitwacho benzini, ambacho mtu akikivuta kwa muda mrefu kinaweza kumletea saratani ya damu. Na gari likigongwa, jerikani ya plastiki hupasuka juu ya abiria.

Nawaomba wenzangu abiria: mkisikia harufu ya petroli ndani ya gari, fungueni madirisha, mtu yeyote asiwashe sigara, na muulizeni dereva mafuta yako wapi. Si utovu wa adabu kuuliza.

Na jerikani iliyowahi kutiwa petroli isirudi kwenye bomba la maji, hata ukiiosha mara kumi. Plastiki hunywa petroli na huirudisha polepole kwenye maji. Ipige alama ya rangi ambayo hata mtoto ataitambua.

Tangi tupu ndilo linaloua

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi wenye uzoefu. Mtu humwaga mafuta yote, huligeuza tangi, huona limekauka, halafu husema halina kitu. Kumbe petroli kama maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua letu la mchana. Mvuke ukiwa mwingi mno na hewa kidogo, hauwaki. Ukiwa takriban sehemu 1 hadi 8 katika kila sehemu 100 za hewa, hulipuka. Tangi lililojaa lina mvuke mwingi na hewa kidogo. Tangi lililomwagwa ndilo lenye mchanganyiko unaofaa kwa mlipuko, na kwa kuwa limefungwa pande zote, hupasuka kama bomu.

Kulisuuza kwa maji hakutoshi. Chini ya magamba ya kutu na ndani ya maungio hubaki mafuta ambayo huyaoni. Moto wa kuchomelea ukiligusa bati, mafuta hayo hugeuka mvuke palepale. Ndiyo maana hata tangi lililokaa wazi miezi mingi limewahi kulipuka. Tangi la dizeli pia si salama, ingawa watu hulidharau. Dizeli ikipashwa joto kupita nyuzi 50 na zaidi, nayo hutoa mvuke wa kuwaka. Wapo wanaojaza tangi moshi wa egzosi kwanza, wakisema moshi huzuia mlipuko. Usiutegemee, hujui umebakiza hewa kiasi gani ndani.

Kaka yangu aliona jambo hili kwa macho yake akiwa mwanafunzi. Fundi alichomelea tangi la lori lililokuwa limeoshwa. Kaka anasema alisikia mlio mmoja tu. Fundi yule hakufika hospitali. Hadi leo kaka akiona mtu anakagua tangi kwa kuwasha kibiriti ili aone ndani, hukimbia kwanza ndipo apige kelele. Tumieni tochi.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, hutambaa chini, hufuata mtaro, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la jirani mbali na gari. Kwa hiyo kazi hii isifanywe katikati ya nyumba wala karibu na wapikaji.

Namna ya kulitengeneza bila moto

Tangi la mzee tulilitengeneza hivi. Gari liliwekwa mahali pa wazi, mbali na nyumba, na ndoo mbili za mchanga mkavu zikawa karibu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, maji huusambaza tu. Injini ilipoachwa ikapoa, kaka alitoa waya wa hasi wa betri. Watoto tuliwafukuza, wakarudi, tukawafukuza tena.

Mafuta yalitolewa kupitia nati iliyo chini ya tangi. Kama gari halina nati hiyo, tumia pampu ya mkono, wala si mdomo. Nitarudi kwenye jambo hilo. Mikanda ya tangi ilifunguliwa kwa spana baada ya kulowekwa oili, bila grainda wala tindo, maana cheche moja inatosha.

Kisha tangi lilioshwa kwa maji na sabuni ya unga mara nne. Halafu tukatia kokoto ndogo pamoja na maji, tukalitikisa vijana wawili kwa zamu hadi mikono ikauma. Maji yaliyotoka mara ya kwanza yalikuwa mekundu kama udongo wa hapa. Baada ya kokoto kutoka zote (zihesabu kabla ya kuzitia!), tulilijaza siki tukaliacha siku mbili. Siki hula kutu taratibu. Tukamwaga, tukasuuza kwa maji yenye magadi, yale ya kulainishia maharage, ili ukali wa siki uishe, tukalianika juani mdomo ukiwa chini. Likishakauka pakaza oili kidogo ndani siku hiyohiyo, la sivyo kesho utakuta kutu mpya.

Wengine hutumia asidi ya betri badala ya siki kwa sababu ni ya haraka. Msiitumie. Huunguza ngozi na macho, na ikikutana na chuma hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo hulipuka.

Kupata matundu ni rahisi: tia maji, tazama yanapotoka, zungushia chaki. Likaushe tena, kisha sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, upana wa vidole viwili kuzunguka tundu. Msasa uwe umelowa maji. Matangi mengi ya zamani yalipakwa mchanganyiko wa bati na madini ya risasi ili yasishike kutu, na vumbi lake ni sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini bati la tangi la zamani lingali na risasi yake. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na fundi anawe kabla ya kumbeba mtoto.

Kiraka ni ile gundi ya chuma ya mirija miwili inayochanganywa. Soma kwenye pakiti kama inavumilia petroli, kwa sababu si zote. Paka, weka kipande cha bati jembamba au kitambaa cha nyuzi za kioo, paka tena juu, acha saa 24. Vaa glavu. Jaribu kwa maji kabla ya kurudisha mafuta, kisha likaushe, tia filta mpya, na baada ya wiki moja ibadilishe tena kwa sababu magamba yaliyobaki yatafika pale.

Sabuni ya mche ambayo madereva hubandika kwenye tundu ni ya kweli, petroli haiyeyushi sabuni. Lakini ni ya kukufikisha gereji tu, tena mvua ikinyesha inaondoka.

Kuna tangi lisilopona. Ukilibonyeza kwa bisibisi likatoboka hapa na pale, hilo halina chuma tena, ni kutu na rangi. Tafuta lililotumika kwa wauza vipuri. La mzee lilikuwa na matundu matatu tu, tukashukuru.

Mafuta machafu yaliyotoka yasiuzwe kama mafuta ya taa wala yasichanganywe nayo. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi na zaidi ndipo mvuke wake uwake. Petroli haihitaji hata hilo, na taa huweza kulipuka mkononi mwa aliyeishika. Yasimwagwe karibu na kisima wala ziwani pia. Yafunge kwenye chombo cha chuma, uyarudishe gereji.

Usinyonye mafuta kwa mdomo

Vijana wa bodaboda na wauza petroli ya chupa, hapa nasema nanyi. Petroli ikipotea njia ikaingia kwenye mapafu, hata kidogo, huyaunguza. Mtu anaweza kuonekana mzima, kisha baada ya saa chache akaanza kukohoa, kupumua kwa shida na kupata homa.

Mtu akimeza petroli, usimtapishe. Akitapika, itapita tena karibu na mapafu. Usimpe maziwa, wala mafuta ya mawese, ingawa wazee wetu wengi huyaamini. Mkalishe wima, mvue nguo zilizolowa, mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anasema hajambo. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha aje.

Na mafundi, acheni kunawa mikono kwa petroli. Hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na kwenye nyufa hizo uchafu huingia. Pakeni mafuta ya kupikia kwanza, sugueni, kisha sabuni na maji.

Mtu akishika moto

Asikimbie, upepo huongeza moto. Aanguke chini, afunike uso kwa mikono, aviringike, au mfunikeni kwa blanketi zito. Mvueni nguo zenye petroli, lakini iliyoganda kwenye ngozi msiivute. Mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Najua maji hapa ni ya foleni, lakini siku hiyo majirani watoe jerikani zao. Vueni pete na bangili kabla hajavimba. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi, hasa mtoto.

Msipake dawa ya meno, yai, asali, samli wala majivu. Kituoni vitu hivyo huondolewa kimoja kimoja huku mgonjwa akilia, na huleta wadudu kwenye jeraha. Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lililo usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, lisingoje asubuhi.

Mwenye gari anayetaka kuona kazi hii inavyofanywa anaweza kumwuliza VHT wa kijiji chake, atamwunganisha na mafundi waliokubali kuonyesha wenzao. Njooni na tangi likiwa bado kwenye gari, na jerikani muitoe nje kabla hamjawasha.