Motokaa ya Umeme na Motokaa ya Petroli

Mtu atakaye kununua motokaa huuliza kwanza, "Bei yake kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Ng'ombe hununuliwa siku moja, bali hulishwa siku zote. Na motokaa ni vivyo hivyo.

Motokaa ya petroli huendeshwa na injini. Petroli huwaka ndani yake, na nguvu ya mwako ndiyo izungushayo magurudumu. Lakini zaidi ya nusu ya nguvu hiyo hupotea bure kwa joto. Motokaa ya umeme haina moto. Umeme hutoka katika betri kubwa na kuzungusha mota, na upotevu wake ni mdogo. Tena haihitaji kubadilishwa mafuta ya injini wala plagi. Dereva apunguzapo mwendo, mota hurudisha umeme kidogo katika betri, na kwa hiyo breki hazilikí upesi. Lakini betri ni ghali, tena ni nzito, na uzito huo huweza kula matairi mapema. Vilevile huchakaa polepole. Watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8.

Basi, na ifanywe hesabu kwa bei za mfano. Motokaa ya petroli yauzwa shilingi 2,000,000, na ya umeme shilingi 2,600,000. Katika mwendo wa kilometa 100, ya kwanza yatumia lita 7 kwa shilingi 180 kila lita, yaani shilingi 1,260. Ya pili yatumia uniti 18 za umeme kwa shilingi 30 kila uniti, yaani shilingi 540. Tofauti ni shilingi 720.

Mwendesha teksi aendaye kilometa 30,000 kwa mwaka ataokoa shilingi 216,000 kila mwaka. Kabla ya mwaka wa 3 kwisha, zile shilingi 600,000 alizozidisha katika kununua zitakuwa zimerudi, na baada ya hapo ni faida yake. Lakini mkulima aendaye sokoni na kanisani tu, kilometa 5,000 kwa mwaka, ataokoa shilingi 36,000. Hata baada ya miaka 10 atakuwa bado hajarudishiwa shilingi 240,000. Motokaa ni ile ile, bali kwa mmoja ni faida, na kwa mwingine ni hasara.

Kodi nayo yaweza kugeuza hesabu yote. Katika nchi ya Norwei serikali ilipunguza sana kodi za motokaa za umeme kwa miaka mingi, na umeme wa huko karibu wote hutokana na nguvu za maji. Kwa hiyo mwaka 2024, katika kila motokaa mpya 10 zilizouzwa, karibu 9 zilikuwa za umeme.

Injili yataja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Anunuaye motokaa naye afanye vivyo hivyo, wala asidharau fedha ndogo za kila siku, maana haba na haba hujaza kibaba.

Swali: Petroli ikipanda hata shilingi 210 kwa lita, je, mkulima yule atarudishiwa fedha zake katika miaka 10?