Kutafuta Bila Kupekua

Mwenye duka wa Ilagala anayekopesha mchele na sabuni huandika madeni kwa mfuatano wa siku, mstari wa leo chini ya mstari wa jana. Kuandika hivyo ni kazi nyepesi. Shida huanza pale mteja aliyeuza mawese anapoingia na fedha mkononi na kuuliza, "Nadaiwa shilingi ngapi?" Daftari hupekuliwa ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwanzo. Mwenye duka mzoefu hutenga kurasa za nyuma, akaorodhesha majina kwa alfabeti na kuandika mbele ya kila jina namba za kurasa lilipo. Hiyo ni faharasa.

Kaskazini mwa mji wa Kigoma, huko Gombe, tatizo hilohilo limechukua zaidi ya miaka 60. Jane Goodall alifika huko kuchunguza sokwe tarehe 14 Julai 1960. Kuanzia miaka ya 1970, watafiti wasaidizi wa Kitanzania wamekuwa wakimfuata sokwe mmoja siku nzima, wakiandika kwa Kiswahili anachokula na anaoandamana nao. Waliandika kwa siku. Wanasayansi nao waliuliza kwa sokwe, kwa mama, kwa ukoo. Majina yenyewe yalisaidia: miongoni mwa watoto wa sokwe jike Flo ni Faben, Figan, Fifi na Flint. Rekodi zikipangwa kwa alfabeti, ukoo mzima unakaa jirani, na hapo mwanaprogramu anaona ufunguo uliochaguliwa vizuri, ingawa waliotoa majina hayo hawakuwa wakiwaza kompyuta hata kidogo.

Baadaye daftari liliingia kwenye simu. Taasisi ya Jane Goodall iliwafundisha wafuatiliaji wa misitu wa vijiji vya mkoa wa Kigoma kujaza fomu kwenye simu za Android, kwa kutumia ODK, programu iliyoanza kutengenezwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, chini ya Gaetano Borriello. Msituni mtandao haupatikani kila mahali, kwa hiyo simu yenyewe lazima ikumbuke fomu ipi imejazwa na ipi bado haijatumwa. Kumbukumbu hiyo hutunzwa na SQLite.

SQLite ni maktaba ndogo ya programu iliyoandikwa na D. Richard Hipp na kutolewa mwaka 2000. Haina seva na wala haimilikiwi na mtu. Hifadhidata nzima ni faili moja. Ndani ya faili hilo mna kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, zilizopangwa kwa muundo uitwao mti-B, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni walipokuwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uzuri wake ni huu: ukurasa mmoja ukielekeza kwenye kurasa 100, na kila mmoja wa hizo kwenye 100 nyingine, hatua 3 tu zinatosha kuufikia ukurasa mmoja kati ya 1,000,000. Diski husomwa mara chache, na katika kazi hii diski ndiyo inayochelewesha.

Anayejifunza kutengeneza programu hukutana na mti huo kupitia kiolesura cha programu, yaani seti ya amri ambazo programu yake inaruhusiwa kuipa maktaba. Katika lugha ya C mfuatano wake ni mfupi: fungua faili, andaa swali, jaza nafasi zilizoachwa wazi, soma jibu mstari kwa mstari, achilia swali, funga. Wengi huruka hatua ya kujaza nafasi na kubandika maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya swali. Swali hilo linafanya kazi hadi siku mtu atakapoandika kwamba anakaa "ng'ambo ya mto". Ritifaa ya ng'ambo, katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ni alama ya kufunga maneno; swali linakatika katikati na programu inakwama. Yeyote anayeandikia Waswahili programu hana budi kulijua hili mapema, maana ng'ombe, ng'ambo na akina Ng'wandu watafika tu.

Kosa la pili ni kuhifadhi mstari mmoja mmoja. Kila mstari huwa muamala wake, na kila muamala husubiri diski ithibitishe kwamba maandishi yameshika, ili umeme ukikatika yasipotee. Mistari 1,000 ikifungwa ndani ya muamala mmoja, kusubiri huko hufanyika mara moja tu.

Faharasa nayo ina gharama: kila deni jipya linaandikwa mara mbili, daftarini na kwenye orodha ya majina. Mpangilio wake una maana pia. Faharasa ya jina kisha tarehe humjibu anayeuliza madeni ya mtu fulani. Anayeuliza madeni yote ya Jumanne haimsaidii.

Kulijaribu hili hakuhitaji intaneti. Lugha ya Python inakuja na SQLite ndani yake tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, hivyo kompyuta kuukuu ya shuleni inatosha. Mwanafunzi atengeneze madeni 100,000 ya kubuni, kisha atangulize maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali la kutafuta madeni ya jina moja. Jibu litaanza na SCAN: jedwali lote linapekuliwa. Aongeze faharasa ya majina, aulize tena. Safari hii jibu litaanza na SEARCH.